Kukwangua lami bila kuiua barabara: mashine ipi, ngoma ipi, saa ngapi? Ulinganisho kwa watu wa Mwanza

Barabara ya lami ikichoka, mara nyingi huwezi kumwaga lami mpya juu ya ile ya zamani hivi hivi. Usipokwangua, yaani usipoondoa kwanza lami ya juu iliyochoka, uso wa barabara unapanda, kerbu (kingo za pembeni mwa barabara) zinazama, maji ya mvua yanakosa njia ya kuingia mtaroni na yanageukia madukani. Ile mifereji ya magurudumu uliyoifunika nayo hurudi juu baada ya muda, kwa sababu ulichofunika ni lami laini iliyokwisha kuhama. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale bei tatu zinapowekwa mezani: ya kijiko (mashine ya kuchimbia) na jekihama (nyundo ya mashine ya kuvunjia), ya mashine ndogo ya ngoma, yaani pipa la chuma lenye meno linalozunguka na kukata lami, na ya mashine kubwa ya namna hiyo, na mwenye kazi anachagua kwa kuangalia shilingi kwa kila mita ya mraba.

Kwangu mimi hiyo ni namna mbaya ya kuchagua. Lami inayokwanguliwa inapakiwa kwenye tipa na kuondoka; unachokilipia ni kile kinachobaki chini. Mashine ya bei poa ikikuachia uso wenye nyufa, mabonge yaliyonyanyuka na msingi uliotikiswa, lami mpya ya juu itakufa mapema na utalipa mara mbili. Kwa hiyo nitalinganisha njia hizi kwa swali moja: ipi inaacha chini pazima?

Kabla ya kulinganisha, toboa

Hakuna ulinganisho wenye maana bila kujua unene wa lami iliyopo. Mafundi wa maabara wanakuja na mashine ya kutobolea, wanatoa kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 100 au 150, na hadithi nzima ya barabara unaishika mkononi. Utaona tabaka ngapi zimewekwa, zimeshikana au zinaachana kwa kuzisukuma kwa vidole tu, na kokoto za chini bado zina lami au zimebaki tupu.

Hilo la kokoto tupu lina uzito wa pekee kwetu. Mwanza ni jiji la miamba, na kokoto zetu nyingi ni za granaiti. Granaiti ni jiwe gumu na zuri kwa barabara, lakini haliipendi lami kama chokaa inavyoipenda. Maji yakikaa ndani kwa muda mrefu, lami huachia jiwe. Tabaka la namna hiyo ukiligusa kwa ngoma, halikatwi, linang'oka.

Kipande kikionyesha kwamba lami ni nyembamba, yaani ile ya kunyunyiza na kumwagia kokoto mara mbili ambayo haizidi sana sentimita mbili, achana kabisa na mashine ya kukwangua. Hapo ngoma itaingia kwenye moramu, udongo wa changarawe wa msingi, kabla dereva hajajua. Greda yenye meno ya kupasulia itafanya kazi hiyo vizuri zaidi: inachana uso, inachanganya na msingi, unaongeza maji, unashindilia upya kwa rola. Barabara nyingi za pembezoni ziko hivyo, na nimesikia watu wakiulizia mashine kubwa ya kukwangua kwa ajili yake. Ni kutupa hela.

Lami ikiwa nene ya kutosha, kanuni inayotumiwa na wengi wenye uzoefu ni hii: baada ya kukwangua ibaki angalau sentimita tano hivi, kama tipa na mashine ya kutandaza zitapita juu yake. Na usisimame karibu na maungio ya tabaka mbili. Ukiacha kijitabaka chembamba cha chini ya milimita 20 juu ya maungio, kitapasuka na kubanduka vipande vipande, sasa au baadaye chini ya lami mpya. Ama simama juu zaidi, ama shuka ukate maungio yenyewe milimita tano au sita na uyamalize. Kosa hili ndilo linaloua kazi nyingi, na halitokani na mashine. Linatokana na mtu aliyeandika "kwangua sentimita 4" bila kutoboa.

Kijiko na jekihama dhidi ya mashine yoyote ya ngoma

Hapa sitakaa sana. Kijiko kinanyanyua. Meno yake yakiingia chini ya lami, bonge linaachia pale lilipo dhaifu, na pale lilipo dhaifu si lazima pawe kwenye mstari wako wa chokaa. Unachora kiraka cha mita mbili, kinatoka cha mita tatu, na ile mita ya ziada imepasuka pembeni bila wewe kuona. Jekihama nayo inatikisa lami ya jirani.

Njia hii inafaa kwa viraka vya mita chache za mraba, na kwa sharti moja: kata kwanza kingo kwa msumeno wa diski hadi mwisho wa unene, ndipo uvunje katikati kwenda nje. Mtu akikuambia atakwangua njia nzima ya gari kwa kijiko, kutoka mathalani Mabatini hadi Igoma, mshukuru, mpe chai, mwache aende.

Kifaa cha kufunga mbele ya kipakizi kidogo

Hiki ni kingoma chenye upana wa nusu mita hivi kinachofungwa mbele ya kipakizi kama Bobcat. Kwa kuzunguka chemba, kukata mfereji wa bomba, au kusawazisha kizingiti kwenye lango, ni msaada mkubwa. Kwa eneo pana ni balaa la kimyakimya. Kipakizi ni chepesi, kinarukaruka, na kina kinabadilika kila kinaporuka. Kila mkato unaacha ngazi na mkato wa jirani, na kwenye upana wa njia moja ya gari utakuwa na mikato sita au saba. Chenga, yaani vipande vidogo vya lami iliyokwanguliwa, zinabaki chini pia, kwa hiyo kuna kufagia kwingi.

Mashine ya mita moja au ya mita mbili?

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli kwa kazi nyingi za mjini, na ndipo nitakapokaa.

Mashine kubwa, yenye ngoma ya upana wa mita mbili, ina uzito unaovuka tani 25. Uzito huo ni faida: mashine haitikisiki, ngoma haidundi, na kina kinashikwa na sensa (vifaa vya kupima) pande zote mbili. Mikato ni michache, hivyo ngazi ni chache. Kwenye barabara ya Musoma kupitia Nyakato, au barabara ya Shinyanga kuelekea Buhongwa na Usagara, ambako njia ni pana na lami ni nene kwa sababu ya malori, sioni sababu ya kutafuta kitu kingine.

Mashine ya mita moja ni nyepesi zaidi, inageuka kirahisi, na inaingia mitaa ya katikati ya jiji ambako kubwa ingekwama kwenye kona ya kwanza. Kwenye miteremko ya Capri Point au kupanda Bugando, ninaipendelea. Na kama msingi una mashaka, labda uko bondeni karibu na mto Mirongo na una unyevu, tani 25 za ziada juu ya lami iliyokwisha kupunguzwa si jambo la kuombea.

Lakini kuna swali ambalo wanaokodi hawaliulizi, na kwangu ni zito kuliko upana: mkanda wa kupakia lami iliyokatwa kwenye tipa unatoka mbele au nyuma? Mashine nyingi kubwa zinapakia mbele. Tipa inatangulia, inasogea taratibu juu ya lami ya zamani ambayo bado nzima, na uso uliokwanguliwa unabaki nyuma bila mzigo. Baadhi ya mashine ndogo zinapakia nyuma. Hapo tipa inarudi kinyumenyume juu ya uso ulioukata sasa hivi, inapokea mzigo ikiwa juu yake, inakunja usukani ikiwa imesimama, kisha inaondoka imejaa. Kama umebakiza sentimita tano za lami juu ya msingi wenye unyevu, tipa hizo zitaharibu zaidi ya ngoma yenyewe. Mashine ndogo zinazopakia mbele zipo, ulizia hiyo. Ikikosekana, tumia tipa ndogo, usijaze hadi juu, na usiruhusu kugeuza ndani ya eneo lililokatwa.

Kina nacho kinategemea unachokitumia kukipima. Kama kerbu zimenyooka, sensa ya pembeni ifuate kerbu. Kama zimezama na kupinda, mashine itanakili upindaji huo kwa uaminifu kabisa. Hapo tumia kamba iliyofungwa kwenye nondo, au sensa kadhaa zinazopima umbali na kutoa wastani wa urefu mkubwa zaidi. Kwa yadi ya mita chache, kamba inatosha.

Ngoma: meno ya kila milimita 15, 8 au 6

Ngoma ya kawaida ina meno yaliyopangwa ili mistari ya mkato iachane milimita 15. Ngoma ya mita mbili ya namna hiyo ina meno zaidi ya 150. Ngoma laini ina nafasi ya milimita 8 hivi, na ile laini zaidi 6 au pungufu.

Ya kawaida inashuka kina kirefu, inakwenda haraka, na inaacha matuta yanayoonekana. Kama juu unatandika sentimita tano za lami mpya, matuta hayo si tatizo, yanasaidia kushikana. Kama unatandika sentimita mbili na nusu au tatu, matuta yatachungulia na rola haitashindilia sawa, hivyo chukua ngoma laini. Chukua laini pia kama magari yatapita juu ya uso uliokwanguliwa kabla ya kutandika. Bodaboda kwenye matuta ya ngoma ya kawaida, hasa yakiwa na maji, ni hatari. Usukani unavutwa kufuata mifereji.

Sasa angalia jinsi pesa ya ngoma laini inavyopotea. Ngoma ikizunguka mara 100 kwa dakika na mashine ikienda mita 10 kwa dakika, kila mzunguko mashine imesogea sentimita 10. Ikienda mita 20, imesogea sentimita 20, na kila jino linapiga mbali mara mbili na lilipopiga mwanzo. Umelipia ngoma laini, umepata uso mkwaruzo. Saiti utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Kaka, punguza mwendo, inanyanyua mabonge huku."

"Mkuu, tipa zimepanga foleni, na jioni nahesabiwa mita."

Opereta hana kosa hapo. Ukimlipa kwa mita za mraba pekee, atakimbia. Ukimlipa kwa saa, atatembea kama yuko harusini. Mkataba bora unalipa kwa mita za mraba zilizokubaliwa: kina kimepimwa, matuta yamepimwa kwa rula ndefu iliyolazwa juu, na hakuna vijitabaka vilivyobanduka. Kwa uso laini, kipimo cha mchanga kinatosha: unamwaga mchanga wa ujazo unaojulikana, unautandaza kwa duara hadi ujae mabonde, unapima kipenyo. Duara likiwa dogo, mabonde yana kina kirefu.

Meno yenyewe yana ncha ya kabaidi ya tungsteni, na granaiti yetu inayala. Jino zima linazunguka ndani ya kishikio chake ukilisukuma kwa mkono, na linalika duara. Lililokwama kwa vumbi na lami linalika upande mmoja, ncha inaondoka, halafu kishikio chenyewe kinaanza kusaga barabara. Meno butu yanaifanyia lami kile ambacho kisu butu kinamfanyia sato: hayaparui magamba, yanararua nyama. Ukiona uzi mmoja wa tuta unaoendelea mita hamsini bila kukatika, kuna jino limevunjika au halipo, simamisha mashine. Na usichomeke jino moja jipya katikati ya yaliyochakaa sana, kwa sababu litachimba mfereji peke yake. Badilisha kwa kundi.

Maji ni sehemu ya afya ya meno. Noseli, vile vitundu vya kunyunyizia maji, zinapoza ncha na kuzuia vumbi, ambalo kwa granaiti ni vumbi la kuogopa kwenye mapafu. Bauza ikichota ziwani karibu na ufuko, pamoja na mchanga na mimea, bila chujio, noseli zinaziba ndani ya muda mfupi. Maji ya bomba au chujio zuri, chagua kimoja.

Kuna pia bamba linalokandamiza lami mbele ya ngoma ili isinyanyuke vipande vipande, na bamba la nyuma linalokwangua chenga zilizobaki. Kabla mashine haijashushwa kwenye trela, muombe opereta akuonyeshe yote mawili yanashuka na kugusa chini. Barabara yenye tabaka zilizoachana, bila bamba la mbele, itatoa mabonge yenye ukubwa wa meza.

Asubuhi, mchana au usiku. Kiangazi au masika

Lami baridi ni ngumu na inavunjika. Lami ya moto inakatika kwa ulaini zaidi na meno yanapumua, ila viraka vipya vyenye lami nyingi vinanata kwenye ngoma. Kwa barabara dhaifu yenye nyufa ningekwangua kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapasha uso. Lakini Barabara ya Kenyatta au Nyerere mchana? Foleni itakumaliza. Katikati ya jiji chagua usiku, kisha lipia hasara ya ubaridi kwa kupunguza mwendo. Usiku una faida nyingine: wenye vibanda wamefunga.

Msimu hauna mjadala mrefu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu kwetu. Vuli ikianza Oktoba, kila mita uliyoikwangua na kuiacha wazi ni beseni. Maji yanasimama kwenye mkato, yanashuka kwa nyufa hadi kwenye msingi, daladala na malori yanapita juu, na kokoto za granaiti zinavuliwa lami kutoka chini. Kwa hiyo kati ya kukwangua yote kwanza ndipo utandike, na kukwangua kipande na kukifunika siku hiyo hiyo, mimi nachagua kipande na kufunika, hata kama bei ya kuleta mashine inapanda. Kama lazima uache wazi usiku mmoja, kata njia ya maji kuelekea mtaroni kwenye sehemu ya chini kabisa, na weka mteremko wa lami ya muda kwenye ngazi ili pikipiki zisiruke.

Chemba na vifuniko

Kuna wanaokwangua kuzunguka chemba kisha kumalizia kwa jekihama, na kuna wanaoshusha vifuniko kwanza, wakafunika kwa bamba la chuma na kujaza juu, ili mashine ipite moja kwa moja. Njia ya pili inahitaji siku za maandalizi na ruhusa ya mwenye bomba au kebo, lakini inaacha lami ya jirani bila kutikiswa. Ya kwanza ni ya haraka, na ndiyo sababu mashimo mengi ya mjini huanzia pembeni mwa chemba. Kama chemba ni mbili au tatu, kifaa kidogo cha Bobcat kinatosha pale pembeni.

Ningechagua nini

Barabara kuu au ya mkoa iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na za mjini na wilayani nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Huko masharti ya kazi yameandikwa na mhandisi atakusimamia. Mwenye yadi, hoteli au kituo cha mafuta hana mhandisi wa kumwangalia, kwa hiyo mifano hii ni yake zaidi.

Yadi ya kiwanda cha samaki, malori yanaingia kila siku, lami sentimita kumi, mifereji ya magurudumu imezama: mashine ya mita mbili kama lango linaruhusu, ngoma ya kawaida, sentimita tano, tandika tano. Malori yasiingie hadi lami mpya ipoe.

Maegesho ya hoteli Capri Point, lami sentimita tano, uso umechakaa tu lakini haujazama: usikwangue sana, au usikwangue kabisa. Mita moja yenye ngoma laini, mwendo wa pole, ondoa sentimita moja na nusu hadi mbili pembeni mwa kerbu na langoni ili urefu ulingane, katikati fagia na utandike. Najua hapo ninavunja ile kanuni ya kubakiza sentimita tano; inawezekana kwa sababu hakuna lori litakalopita juu kabla ya kufunikwa.

Mtaa wa Kirumba wenye mashimo hadi kwenye moramu: mashine ya kukwangua haitaponya msingi uliokufa. Kata viraka kwa msumeno, chimba msingi mbovu, jaza na shindilia kwa tabaka. Kama zaidi ya nusu ya mtaa iko hivyo, sagia lami yote ndani ya msingi na uanze upya.

Kwa kazi zote hizi, uso ukishakwanguliwa ufagiwe, upulizwe, na unyunyiziwe lami ya kushikia, kwa kawaida emalshani (lami iliyochanganywa na maji) ya K1-60. Uso uliokwanguliwa una eneo kubwa zaidi kuliko uso bapa, hivyo unataka zaidi kidogo, na unatakiwa ubadilike kutoka kahawia kuwa mweusi kabla tipa ya lami ya moto haijaukanyaga.

Andika pia kwenye mkataba chenga ni za nani. Zikitandazwa na kushindiliwa juani, zinatengeneza njia nzuri ya kuingilia nyumbani au bega la barabara lisilotoa vumbi, na mkandarasi anazijua thamani yake. Usipoandika, zitaondoka na tipa ya mwisho.